Kwetu angeombewa

Daftari lilirudi na kurasa mbili tu zimeandikwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, tumekaa nyuma ya duka la steshenari kule Chang'ombe ya Dodoma, chini ya mwarobaini, mimi na wale vijana sita wa sekondari ambao wikiendi huwa tunasoma na kuandika pamoja. Wiki moja kabla nilikuwa nimesoma hadithi ya binti mmoja wa kidato cha tatu. Msichana anasikia mawazo ya watu, anateseka nayo, siku moja inafika barua, anapanda treni mpaka shule ya mawe iliyo juu ya milima yenye theluji, na huko anakuta wenzake kibao wenye uwezo kama yeye. Majina yote ya kizungu. Kaandika vizuri sana, tena sana, ila mi nikachukua peni nyekundu nikaandika pembeni: Umewahi kuona theluji? Hamishia Dodoma.

Nilijiona nimetoa ushauri wa maana kweli.

Sasa kaja na kurasa mbili. Nikamuuliza vipi, imekuwaje.

"Nimejaribu Dada. Nikiileta huku inakufa."

"Inakufaje?"

"Kwa sababu kwetu angeombewa."

Nilidhani wenzake watacheka. Hakuna aliyecheka. Mmoja akadakia, au angehamishwa shule. Mwingine, kijana mpole ambaye huwa haongei mpaka umuulize, akasema bila kuinua kichwa: "Au wangempigia kura."

Hilo neno kura nililibeba mpaka nyumbani. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo daladala za Jamatini wiki tatu nzima. Ndio maana naandika.

Mtu anakungoja getini

Kwanza niseme wazi kwamba hizi hadithi za wanafunzi wenye nguvu za ajabu nazipenda. Kuna watu wazima wanaozidharau, wanasema ni upuuzi wa watoto, mi sikubaliani nao. Vijana wangu wamezipata kila mahali, kwenye PDF zinazotumwa WhatsApp, kwenye katuni za Kijapani walizoanza kuangalia wadogo kwenye vibanda umiza, kwenye simu ya kaka. Wanajua nani ana uwezo gani, anaupata wapi, unamchosha vipi, unaisha lini. Wanabishana kuhusu hayo mambo kama watu wanavyobishana Simba na Yanga.

Siku moja niliwauliza ni sehemu gani huwa wanarudia kusoma. Nilitegemea waseme mapambano. Karibu wote walitaja ile siku ya mwanzo, ile ambayo mtoto anagundulika. Kijana mmoja akasema: "Pale anapoambiwa hakuwa mbaya, alikuwa tu hajafundishwa."

Nikaanza kuziangalia upya kwa hilo jicho. Vibonzo vya X-Men vilivyoanza Marekani mwaka 1963 vina shule, na mwenye shule anawatafuta watoto ambao dunia inawaogopa. Harry Potter, iliyoanza kutoka Uingereza 1997, ina ile barua inayomtafuta mtoto aliyekuwa analala chini ya ngazi. Nguvu zinatofautiana lakini mlango ni uleule. Mahali fulani kuna watu wazima wanaojua ulivyo, wamekuandalia kitanda na ratiba ya masomo, na ukifika getini hawakushangai.

Kwa mtoto wa miaka kumi na tano anayejiona hafanani na wenzake, hiyo barua ni kubwa kuliko kuruka angani.

Haya, sasa ilete hapa. Nani anaandika hiyo barua? Mkuu wa shule gani? Sisi hadithi zetu za nguvu za ajabu shuleni tunazo tayari, kila aliyelala bweni anazo, binti mwenye kwato chooni saa nane usiku, bweni lililojengwa juu ya makaburi, kitanda kilichokutwa nje asubuhi na mwenye kitanda kalala juu yake. Na katika hizo zote sijawahi kusikia hata moja ambayo mwenye uwezo ndiye mtu tunayemfuata kwenye hadithi na kumwombea mema. Huwa ni yule tunayemkimbia.

Binti alikuwa amegusa kitu ambacho mi na peni yangu nyekundu sikukiona. Ukibadilisha theluji ukaweka vumbi bado hujahamisha hadithi. Huku hakuna wa kumngoja getini.

Mbuyu

Sasa kura.

Nilikuwa kidato cha pili, bweni, hukuhuku mkoani kwetu, shule sitaitaja. Ilianza prepo ya usiku. Msichana mmoja akapiga kelele akaanguka, tukambeba, kabla hatujafika naye bwenini akaanguka wa pili. Kesho yake wanne. Ijumaa ilikuwa ukisikia mlio upande mmoja unajua dakika hiyohiyo upande wa pili watajibu, na wale waliopandisha walikuwa na nguvu hata walinzi wawili hawawashiki, wanalia, wanataja mbuyu. Ule mbuyu uliokatwa wakati bweni linajengwa. Kila mtu shuleni alikuwa na habari za mbuyu na hakuna aliyekuwa ameuona.

Akaja mchungaji, siku nyingine akaja shehe, wazazi wakaanza kufika na magari ya kukodi. Kulala hatulali. Chakula tunakula tumeshikana mikono, mmoja anashika kijiko mwingine anashika sahani, sijui nani alituambia hiyo inasaidia.

Halafu jioni moja tukaitwa bwaloni, matroni akachana karatasi za daftari akagawa vipande. Kila mtu aandike jina la anayemhisi. Usisaini.

Kulikuwa na msichana mmoja bwenini kwetu, mkimya, katoka upande wa Singida. Alikuwa anaamka usiku anakaa kitandani, hafanyi kitu, anakaa tu. Alikuwa anaweza kuangalia mbingu nyeupe kabisa ya saa nne asubuhi akakwambia anueni nguo, na mchana mvua inapiga. Na kuna siku nilipoteza ufunguo wa tranka langu, nimetafuta siku mbili, nalia kwa sababu sukari na sabuni zote ziko ndani, akaniambia kaangalie kwenye mkunjo wa chandarua cha kitanda cha dirishani. Nikaenda. Ulikuwepo.

Siku hiyo nilimkumbatia.

Jioni ile bwaloni nilikaa na kipande cha karatasi nikajiuliza namhisi nani, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni ule ufunguo. Alijuaje? Hiyo furaha yote ya siku ile ikageuka kuwa ushahidi, pale pale, kwa dakika moja labda. Nikaandika jina lake. Niliandika na la baba yake ili wasikosee.

Sitaliandika tena hapa.

Sikuwa peke yangu, walikuwa wengi. Kesho yake akaitwa ofisini akapewa barua. Barua hii haikuwa ya kumkaribisha popote, ilikuwa ya kumpelekea mzazi wake. Nilimwona anatoka getini na tranka kichwani kuelekea barabarani kusubiri basi, na hakuna mwalimu aliyemsindikiza, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye bomba na ndoo, ndoo imejaa inamwagika, sikufunga.

Usiku ule wakaanguka watano.

Waliendelea mpaka shule ikafungwa likizo fupi. Tuliporudi hakuna aliyeanguka, hakuna aliyesema kitu kuhusu mbuyu, na kitanda chake akawekwa mtu mwingine.

Kashasha

Nikiwa chuo ndio nikasoma habari za Kashasha. Wengi mmeshaisikia kama stori ya kuchekesha, ugonjwa wa kucheka, na inauma kidogo jinsi inavyosimuliwa hivyo. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika haijafikisha hata miezi miwili tangu uhuru, shule ya wasichana ya bweni iliyokuwa chini ya misheni huko Kashasha, upande wa Bukoba. Wasichana watatu wakaanza kucheka wakashindwa kuacha. Kucheka, kulia, kuhangaika. Kati ya wanafunzi 159 ikawapata 95. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, watoto wakarudi makwao, na hali ikaenda nao vijijini. Wataalamu walipochunguza hawakukuta sumu wala kijidudu. Walichokuta ni watoto waliobanwa, wenye hofu, na hofu ikatafuta pa kutokea, ikahama kutoka mwili hadi mwili.

Nilisoma hiyo nikiwa maktaba nikafunga kitabu nikatoka nje.

Kwanza ilikuwa ahueni, yani kumbe tulikuwa wagonjwa wa hofu tu, wasichana wa miaka kumi na minne na kumi na tano, mtihani wa kidato cha pili mbele yetu, hatuli vizuri, hatulali. Halafu ahueni ikaisha, kwa sababu kama ni hivyo basi yeye alikuwa mwenzetu kwenye hiyo hofu, na pengine kule kukaa kitandani usiku ndio ilikuwa namna yake ya kuugua.

Na ufunguo? Leo nadhani alikuwa tu mtu anayeangalia. Mtu mkimya anaona vitu, anaona nani kaingia na nani kaficha nini wapi, na mtoto wa mfugaji anajua upepo unanukaje kabla ya mvua. Nadhani hivyo. Ila sitajifanya kwamba nilikuwa nadhani hivyo wakati ule, wakati ule niliamini kabisa ana kitu, na niliamini kwamba mwenye kitu anatakiwa aondoke.

Nilipotaka kumwambia arudishe theluji

Wiki ya pili ya hili jambo nilikuwa karibu kumpigia yule binti nimwambie rudisha theluji yako, nimekosea.

Sababu yangu ilikuwa hii. Tunaishi kwenye nchi ambayo kuna vikongwe kanda ya ziwa wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe miaka hamsini. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu mtu alisimuliwa kwamba viungo vyao vina nguvu. Simulizi hiyo, jamani. Maneno tu, yakaenda mtu mmoja hadi mwingine mpaka yakafika kwenye panga. Kuna riwaya ya Nnedi Okorafor iliyotoka 2011, inaitwa Akata Witch, msichana mwenye ualbino anaishi Nigeria anagundua ana nguvu na anapata wenzake na walimu wa kumfundisha. Ukiisoma unaona ni hadithi inayompa huyo mtoto heshima yote. Lakini nikajiuliza, nikiipeleka kwa mtu ambaye hajasoma kitabu chochote maishani mwake na akabaki na sentensi moja tu, mwenye ualbino ana nguvu, nimefanya nini?

Sheria tunayo. Sheria ya Uchawi Waingereza waliitunga 1928 na mpaka leo ipo, inakataza mtu kujitangaza kwamba ana nguvu hizo, na inakataza pia kumtaja mwenzako kuwa ni mchawi. Maana yake kilichofanyika bwaloni kwetu kwa vipande vya daftari kilikuwa kinyume cha sheria, mbele ya walimu, na wote tulienda kulala tukiona tumesaidia shule.

Kwa hiyo nikawa nawaza, kwenye milima ya theluji angalau hakuna anayeumia. Waache waandike huko. Hadithi ni hadithi.

Ila kila nikitaka kupiga simu namwona na lile daftari la kurasa mbili. Alikuwa amejaribu kwa sababu nilimwambia ajaribu. Nikimwambia rudi kwenye theluji namwambia nini kingine? Kwamba mtoto wa ajabu anaweza kuishi popote isipokuwa kwao?

Hapo nikakwama kweli.

Mvumi

Mwezi wa tatu nilikwenda Mvumi kumwona mama mkubwa. Mbukwenyi, mbukwenyi, tukasalimiana Kigogo, nikapewa kiti, tukakaa tunachambua mlenda. Nikamsimulia, sio yote, habari za hadithi tu, mtoto mwenye uwezo na watu wa kumpokea. Nikamuuliza zamani mtoto wa namna hiyo alikuwa anakwenda wapi.

Akaniambia, mwanangu, zamani mwenye uwezo mlikuwa mnajua anapokaa.

Akaanza habari za mtemi na mawe ya mvua. Nilikuwa nazijua juujuu kama Mgogo yeyote wa mjini anavyozijua. Kila eneo lilikuwa na mtemi wake, ana kigoda, ana mawe aliyorithi, na mvua ni kazi yake. Mama mkubwa akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, kwamba yule mtu alikuwa hana pa kujificha. Mvua ikichelewa watu wanamwendea mchana, wanakaa kwake, wanamuuliza kulikoni. "Mchawi unamhisi. Mwenye mawe unamuuliza."

Nikaacha kuchambua.

Sio kwamba nataka kuipamba. Mama mkubwa mwenyewe hakuipamba, alisema walilaumiwa sana hao watu, na akataja Mtunya, alivyosikia kwa bibi yake, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalishachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikakataa. Hapo mawe hayakumsaidia mtu. Watu walikufa na mwenye mawe yupo.

Lakini kumbe kulikuwa na kiti. Ugogo ulikuwa na mahali pa kumkalisha mtu mwenye uwezo, na kazi aliyopewa, na watu aliotakiwa kuwajibu. Kwa miaka yote nimekuwa nikidhani sisi tunacho kitu kimoja tu cha kumfanyia mtu wa namna hiyo, na ni kile kipande cha karatasi.

Nilirudi mjini na basi la jioni, vumbi la Mvumi mpaka kwenye meno, nimempigia binti nikiwa bado njiani.

"Usirudishe theluji," nikamwambia.

"Sikuwa na mpango huo Dada," akanijibu.

Maji

Kumbe alikuwa ameshaanza upya peke yake. Jumamosi iliyofuata akatusomea. Msichana yuko shule ya kata, nje kidogo ya mji. Kisima cha shule kimekauka, wanafunzi wanabeba maji na madumu kutoka mbali, na huyu msichana anasikia maji chini ya ardhi. Anayasikia miguuni, kama mtu anavyosikia ngoma ya jirani kupitia sakafu. Kuna ukurasa mmoja anapita Makutupora, pale panapochimbwa visima vinavyonywesha mji huu, na inabidi akae chini kwa kelele. Nilisisimka mikono.

Akafika pale ambapo wenzake wanaanza kumwogopa, akasimama.

"Hapa sijui kura inapigwaje. Nimesikia tu."

Yule kijana mpole akasema shuleni kwao mdogo wake aliona, lakini hakumwelezea vizuri.

Nikawaambia mimi najua.

Nikawasimulia. Karatasi zilichanwa kwenye daftari la nani, matroni alisimama wapi, kwamba tuliambiwa tusisaini. Nikawaambia niliandika nani. Kuna pikipiki zilikuwa zinapita barabarani muda wote na nilikuwa nasubiri zipite ndio niendelee, nadhani nilikuwa nazitumia kupumzika.

"Ulimwandika kweli?" kijana akauliza.

"Ndiyo."

Binti alikuwa ananiangalia na peni iko hewani. Akauliza kama huyo anayeandika jina, kwenye hadithi, amfanye rafiki yake. Nikamwambia hatukuwa marafiki hasa, tulikuwa tunalala karibu tu.

"Lakini alikutafutia ufunguo," akasema.

Sikuwa na la kujibu na sikujibu. Mwarobaini ulikuwa unadondosha vile vijani vyake vidogo juu ya madaftari na mtu mmoja alikuwa anavifuta kimoja kimoja.

Halafu akauliza kama alirudi shule, au kama niliwahi kumtafuta. Nikamwambia hakurudi. Nikamwambia nimemtafuta mwaka huu, wiki hizi hizi, kwenye makundi ya tuliosoma pamoja, na kila ninayemuuliza anakumbuka mbuyu.

Akafikiri kidogo.

"Kitanda chake kilikuwa cha juu au cha chini?"

"Cha chini. Cha juu kilikuwa changu."

Akaandika.